Msaada wadau: kamera haionekani kwenye kompyuta, nikichomeka memori kadi inataka nifomati, na ndani kuna picha za sendofu ya watu

mnasanuru_moro

Habarini wakuu. Naombeni msaada wa haraka maana hapa nilipo tumbo linauma. Nina kamera Canon 70D, Jumamosi nimepiga sendofu huku Kihonda na familia wanazisubiri picha, harusi yenyewe ni wiki ijayo na kuna picha wanataka zitengenezewe bango la ukumbini. Sasa nachomeka kamera kwenye kompyuta kwa waya wa USB, naiwasha, kompyuta kimyaaa, hata ule mlio wa kitu kuingia hautoki. Nimezunguka matundu yote hola. Nikasema isiwe tabu nikatoa memori kadi nikaichomeka kwenye ile nafasi ya kadi iliyopo mbele ya kompyuta, ikatokea herufi ya diski lakini nikiibonyeza inakuja meseji kwamba lazima diski ifomatiwe kwanza ndo uweze kuitumia. Nimebonyeza hapana. Nikirudisha kadi kwenye kamera picha naziona zote vizuri. Hapa nafanyaje jamani

---

jirani_ilala

Mkuu USIFOMATI. Hiyo meseji ikija tena toa kadi uiweke mfukoni mpaka waje wanaojua. Nafuatilia uzi huu kwa karibu maana na mimi ilishanikuta.

---

kijana_it

Rahisi sana hiyo, fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandika amri) andika chkdsk E: /f weka herufi ya diski yako hapo kwenye E, subiri imalize, kadi itafunguka

---

fundi_kadi

Mkuu mnasanuru nakuomba sana hiyo chkdsk usiiguse kwa sasa. Kijana IT najua umetaka kusaidia ila chkdsk kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa diski, kuokoa picha siyo kazi yake. Ikikuta orodha ya faili ina utata inachukua vipande inavitupa kwenye folda inaitwa FOUND.000 na kuvipa majina ya FILE0000.CHK, FILE0001.CHK na kuendelea, hapo majina yako yote ya IMG yameshaondoka na unaanza kubahatisha kipi ni picha na kipi ni video. Na kikubwa zaidi, inaandika kwenye kadi. Kadi yenye picha ambazo hazina nakala sehemu nyingine haiandikwi kitu chochote mpaka picha zitoke. Kwenye hili mimi silegezi kabisa, nimeletewa kadi nyingi ambazo zilikuwa zinaokoleka kirahisi mpaka pale mtu alipoanza kujaribu kila alichosomewa na rafiki zake.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa, kwenye kadi yako upande wa kushoto kuna kaswichi kadogo, kasukume chini kwenye kufuli. Hapo hata kidole kikiteleza ukabonyeza fomati, kompyuta itakataa kuandika.

Cha pili, umesema jambo la muhimu kuliko yote na naona watu wamelipita: kamera inazionyesha. Fanya hivi, ziangalie picha kadhaa kwenye kamera halafu zumu mpaka uone kope za bibi harusi. Ile picha ndogo inayotokea kwanza inaweza kukudanganya lakini ukizumu na ikaja safi basi hiyo ni dalili nzuri kwamba faili linasomeka. Kama ni hivyo picha zipo na kadi ni nzima, shida iko njiani kati ya kadi na kompyuta. Na njia zako mbili, waya na nafasi ya kadi, inawezekana zimegoma kwa sababu mbili tofauti kabisa ambazo hazihusiani.

Nijibu haya: kadi ni GB ngapi na imeandikwa SDHC au SDXC? Kompyuta ni ya zamani kiasi gani na Windows ipi? Waya umetoka na kamera au wa kuazima? Na kwenye menyu ya kamera waifai umeiwasha?

---

mnasanuru_moro

Asante sana fundi, nimeshaweka kufuli. Nimezumu picha kama ishirini hivi, ziko safi. Kadi ni 64GB imeandikwa SDXC. Kompyuta ni ya mezani, ilikuwa ya ofisi fulani wakaiuza, ya zamani sana ila imewekwa Windows 7. Waya ni wa spika, kichwa chake kinaingia kwenye kamera bila shida. Na waifai IMEWASHWA, huwa natumia kurushia picha kwenye simu wateja wanapotaka za haraka za status

---

fundi_kadi

Basi mkuu kunywa maji, naona mwanga. Nakueleza kimoja kimoja.

Tuanze na waifai maana ndo ya dakika moja. Kwenye 70D, na ndugu yake 6D pia, ukiwa umeiwasha waifai kwenye menyu basi kamera inafunga mawasiliano ya waya. Imetengenezwa hivyo makusudi na imeandikwa kwenye kitabu chake, ila nani anasoma kile kitabu. Nenda kwenye menyu zenye alama ya spana, zima waifai kabisa, zima kamera, washa, ndo uchomeke.

Waya sasa. Waya wa USB wa kawaida una nyaya nne ndani: nyekundu na nyeusi za umeme, kijani na nyeupe za data. Waya nyingi zinazokuja na spika, tochi, redio na vitu vya kuchaji watengenezaji wanaacha zile mbili za data ili kubana gharama. Kwa nje huwezi kuona tofauti hata kidogo, kichwa kinaingia vizuri, lakini hakuna data inayopita. Namna ya kuupima: chukua kifaa kingine chenye tundu kama hilo na ambacho unajua kinasoma kwenye kompyuta, mfano hadi diski ya nje ya zamani, nyingi zinatumia hicho hicho kichwa cha Mini-B. Isiposoma, waya huo ubaki wa spika.

Hapo kwenye nafasi ya kadi ndo penye utamu. Kadi za SD ziko kwa vizazi. SD zenyewe za mwanzo mwisho wake 2GB. SDHC zinaanzia juu ya hapo mpaka 32GB na zinatumia mpangilio wa FAT32. SDXC zinaanzia juu ya 32GB mpaka 2TB na zinatumia exFAT, na hizi zimetangazwa 2009. Kwa umbo zote ni sawa kabisa, zinaingia kwenye tundu lile lile. Sasa kompyuta yako ya ofisi kama ile nafasi yake ya kadi ni ya kabla ya hapo, inaijua SDHC tu au hata hiyo haiijui. Ukiipa SDXC inajitahidi kuisoma, inaona vitu haivielewi, Windows nayo inaona diski isiyo na mpangilio inaoujua, basi inakupa ushauri wake pekee inaoujua wa kufomati. Kadi haina kosa lolote.

Windows 7 yenyewe exFAT inaisoma vizuri. Ingekuwa XP ningekwambia kuna apdeti yake maalumu inaitwa KB955704 bila hiyo XP haiioni exFAT kabisa, na bado huku mitaani kuna steshenari zinatumia XP kwa hiyo wenye kadi kubwa wajue hilo.

Ushauri wangu: nunua kadi rida ya nje ya USB iliyoandikwa inasoma SDXC. Ni kitu cha bei ndogo na mpiga picha anayefanya kazi za watu hatakiwi kukosa. Mimi binafsi waya wa kamera situmii kabisa, kamera ikizima betri katikati au ikijilaza usingizini kwa sababu ya ile seti ya kujizima yenyewe, uhamishaji unakatika na hujui umefika wapi.

---

dadalenzi

Fundi umemaliza. Niongezee kwa wenye Sony maana kila wiki naulizwa. Kwenye menyu kuna sehemu ya muunganisho wa USB ina chaguo la Auto, Mass Storage, MTP na PC Remote. Ukikuta iko PC Remote kompyuta itaiona kamera lakini picha hutaziona, ile ni kwa ajili ya kuiendesha kamera kutoka kwenye kompyuta. Weka Mass Storage, kamera itatokea kama flashi ya kawaida, unafungua unakopi.

Na jambo lingine ambalo linawatoa watu machozi: picha za Sony ziko kwenye folda la DCIM lakini video za aina ya XAVC S haziko huko. Ziko kwenye folda la PRIVATE, ndani M4ROOT, ndani CLIP. Video za aina ya AVCHD ziko PRIVATE, AVCHD, BDMV, STREAM. Kuna kijana hapa jirani alikopi DCIM akaona amemaliza, akafomati kadi, video ya maharusi wakila kiapo ikaenda. Ukikopi kadi ya Sony kopi kila kitu kilichomo usichague chague.

---

mvita_shots

Salamu kutoka Mombasa. Samahani natoka nje ya mada kidogo, mie kamera yangu sina shida nayo ila natumia iPhone pia kwa picha za nyuma ya pazia. Nikiunganisha na laptopu ya Windows picha naziona, nikianza kuzihamisha zinaenda kidogo halafu inakatika yasema kifaa kilichounganishwa hakifanyi kazi. Nimebadilisha waya, wa kwake original, hali ni ile ile. Mwenye kujua anisaidie ndugu zangu

---

dadalenzi

Kaka wa Mvita hilo ni la seti moja tu. Ingia Settings ya simu, sehemu ya Photos (kwenye iOS za karibuni iko ndani ya Apps), shuka chini kabisa utakuta Transfer to Mac or PC, imewekwa Automatic, wewe weka Keep Originals. Sababu yake ni kwamba tangu iOS 11 ya 2017 iPhone inahifadhi picha kwa aina ya faili inaitwa HEIC, na ikiwa Automatic simu inajaribu kuzigeuza kuwa JPEG moja moja wakati inazituma, inachelewa, kompyuta inachoka kusubiri inakata. Ukiweka Keep Originals zinakuja kama zilivyo bila kugeuzwa. Halafu hakikisha simu haijajifunga skrini wakati unakopi na ile meseji ya kuiamini kompyuta umeikubali.

---

mvita_shots

Dada Mungu akuweke, zimeingia zote. Sasa zimekuja za HEIC Windows haizifungui lakini hilo nimeona kuna nyongeza ya HEIF ya kudaunlodi Microsoft Store nitamalizana nayo. Shukran sana

---

mama_studio_kahama

Naomba nami nichangie. Hapa kwetu shida kubwa siyo kamera wala rida, ni virusi. Vijana wangu wanapiga pasipoti saizi halafu printa ikiharibika wanakimbiza kadi steshenari ya jirani, kadi ikirudi ukiifungua folda la DCIM limegeuka shotikati, ukibonyeza halifunguki au linafungua kitu kingine. Mwanzoni nilijua picha zimefutika nikawa nafomati naanza upya, kumbe zipo. Fundi naomba uwaelezee na wengine jinsi ya kuzitoa maana wengi hawajui

---

fundi_kadi

Mama shikamoo. Hilo liko kila mkoa na umefanya vizuri kulileta. Kirusi kile hakifuti picha, kinachofanya ni kulificha folda la DCIM kwa kulipa alama za kufichwa na za mfumo, halafu kinaweka shotikati yenye jina lile lile. Mtu akiibonyeza shotikati ndo anakiwasha kirusi kwenye kompyuta yake. Kwa hiyo hiyo shotikati usiibonyeze kabisa. Chomeka kadi kwenye kompyuta yenye antivairasi iliyo hai, iskani, halafu fungua CMD uandike hivi, E ukibadilisha na herufi ya kadi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda litarudi kuonekana, kopi picha zako uziweke kwenye kompyuta, baadae kadi hiyo ifomatiwe ndani ya kamera. Hii amri inagusa alama za faili tu haigusi picha zenyewe ila na yenyewe inaandika kwenye kadi, na ndo maana kwa kadi ya mnasanuru sikuitaja, yeye hana kirusi. Na kumbuka kama kale kaswichi ka kufuli kako chini amri itakataa, unakarudisha juu kwanza. Kama unaogopa kuigusa kadi, nenda kwenye mwonekano wa folda Windows ruhusu kuona vitu vilivyofichwa pamoja na vya mfumo, folda litaonekana kwa kufifia, likopi hivyo hivyo.

Dawa ya kudumu mama: vijana wakienda steshenari wasipeleke kadi ya kamera. Waweke picha zinazotakiwa kwenye flashi, au wafunge kufuli la kadi kabla haijatoka studio, kirusi hakitaweza kujiandika.

---

mama_studio_kahama

Marahaba mwanangu. Hilo la kufuli sikulijua kabisa miaka yote, leo leo nawaambia

---

mnasanuru_moro

Wakuu nimerudi. Nimeenda mjini nimenunua rida, nikaihakikisha dukani kabisa imeandikwa SDXC. Nimefika nimechomeka kwenye kompyuta ile ile ya Windows 7 na kadi IMEFUNGUKA bila kuniambia habari za kufomati. Nimepiga kelele mpaka mke wangu katoka jikoni. Nimefungua DCIM, nikaingia 100CANON nikakopi zote. Sasa lakini kuna mambo mawili. La kwanza, ilifika sehemu ikasimama kwenye picha moja ikasema haiwezi kusoma, nikairuka nyingine zikaendelea. La pili ndo linaloniumiza, picha za mwanzo zote zipo, kuingia ukumbini, zawadi, lakini kukata keki na kuendelea HAZIPO. Kwenye kamera zipo!!

---

jirani_ilala

Duh

---

fundi_kadi

Zipo mkuu usiogope. Rudi nyuma hatua moja, ndani ya DCIM utaona folda lingine pembeni linaitwa 101CANON. Ingia humo.

---

mnasanuru_moro

ZIPOOO. Aisee fundi wewe ni mtu na nusu. Lakini imekuwaje zikagawanyika? Mimi sijatengeneza folda lolote

---

fundi_kadi

Kamera imetengeneza yenyewe. Kamera zote hizi zinafuata kanuni moja inaitwa DCF, ya tangu 1998, ndo maana ukifungua kadi ya kamera yoyote unakuta DCIM. Kwa kanuni hiyo folda linaanza na namba tatu kuanzia 100 mpaka 999 zikifuatiwa na herufi za kampuni, ndo unaona 100CANON, kwa Sony 100MSDCF, na picha zinakuwa na namba nne kuanzia 0001 mpaka 9999. Kamera yako kwenye sendofu hiyo imefika IMG_9999, haiwezi kwenda elfu kumi, kwa hiyo imefungua folda jipya ikaanza tena IMG_0001. Angalia picha ya mwisho kwenye 100CANON utaikuta ina 9999 au karibu yake.

Sasa hapa kuna mtego. Usizimwage picha za mafolda yote mawili kwenye folda moja la kompyuta, maana ukiwa na kazi za nyuma zenye IMG_0001 Windows itakuuliza kama ubadilishe ile ya zamani, ukiwa na haraka ukakubali, picha ya mteja wa mwezi uliopita imekufa na hutajua mpaka aje kuiomba. Tengeneza folda la kazi, liite kwa tarehe na jina la shughuli, halafu buruta DCIM lote zima uliweke humo kama lilivyo. Mimi sipendi zile programu zinazojipendekeza kukuhamishia picha ukichomeka kadi, nyingine zinachagua zenyewe kipi kipya kipi cha zamani na kukuachia pengo.

---

kibo_view

Fundi hapo kwenye programu umenigusa. Mimi niko Moshi, napandisha wageni mlimani, natumia Lightroom, programu ya kupanga na kuhariri picha. Nilihamisha picha za safari nzima ikasema imemaliza lakini nikienda kwenye folda la mwezi huu hamna kitu. Kumbe saa ya kamera ilikuwa imejirudisha yenyewe tarehe za miaka ya nyuma huko baada ya betri kukaa nje muda mrefu, na programu inapanga kwa tarehe ya kupiga, picha zote zikaenda kujificha kwenye folda la mwaka ambao hata hiyo kamera sikuwa nayo. Kwa hiyo mtu akiona picha hazipo atafute kwanza kwa jina la faili kabla hajaingiwa na hofu. Na nyingine, Lightroom ina kialama cha kutohamisha picha inazodhani ni marudio, zinakaa zimefifia huwezi kuzichagua, ukikitoa zinawaka.

---

fundi_kadi

Kweli kabisa kibo_view. Saa ya kamera iangaliwe kabla ya kila kazi, hasa mkiwa wapiga picha wawili kwenye shughuli moja, saa zikipishana kupanga picha baadae ni mateso.

Mnasanuru turudi kwenye ile picha moja iliyokataa. Toa kadi kwenye rida, angalia zile meno za dhahabu nyuma, zikiwa na weusi au mafuta ya vidole zipanguse taratibu kwa kitambaa kikavu laini, au ufutio safi wa penseli bila kukandamiza na upulize mabaki yote. Rudisha, chomeka rida tundu la nyuma ya kompyuta, zile za mbele kwenye kompyuta za mezani zinapitia waya mrefu ndani na za zamani zinalegea. Kopi hiyo picha peke yake. Ikikataa tena, tumia njia ya pili, zima waifai, tafuta waya wa data, kadi iwe ndani ya kamera, jaribu kuikopi kutoka kwenye kamera yenyewe. Kamera mara nyingine inasoma pale rida inaposhindwa. Na kama umeinstoli EOS Utility, ile programu ya Canon, ikijifungua yenyewe ifunge kwanza maana inaishikilia kamera programu nyingine isiipate.

---

kijana_it

Fundi nimekuelewa kuhusu chkdsk, nimejifunza. Swali langu, na aliyekwisha kubonyeza fomati je? Kuna mshikaji wangu hapa amefomati juzi picha za ubarikio

---

fundi_kadi

Swali zuri sana na jibu lake linategemea amefanya nini BAADA ya kufomati. Fomati ya haraka ya kompyuta, au ile ya kawaida ya kwenye kamera, kwa kadi nyingi inafuta orodha tu, picha zenyewe zinabaki pale pale mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Lakini kama kwenye kamera alitiki ile fomati ya kina basi matumaini ni madogo sana. Na kama ameshapiga picha mpya kwenye kadi hiyo, zile zilizofunikwa hazirudi kwa programu yoyote, asitapeliwe na mtu.

Mwambie aitoe kadi kwenye kamera sasa hivi. Aweke kufuli. Achukue PhotoRec, programu ya kurudisha picha, ni ya bure kabisa inakuja pamoja na TestDisk, inafanya kazi Windows, Mac na Linux. Inasoma kadi yote kutoka mwanzo mpaka mwisho ikitafuta alama za mwanzo wa picha, haijali orodha imefutwa au la. Sehemu ya kuhifadhia achague diski ya kompyuta, ASICHAGUE kadi yenyewe. Picha zitarudi bila majina yake ya zamani, zitaitwa f na namba ndefu, lakini tarehe ya kupigwa iko ndani ya picha kwa hiyo atazipanga. Video ndefu mara nyingi zinarudi zimevunjika kwa sababu kamera ilizihifadhi vipande vipande, hapo nisimpe matumaini ya uongo.

---

jirani_ilala

Mimi langu lilikuwa ni kadi feki. Imeandikwa 128 nje, ikifika sehemu fulani inaendelea kupokea picha kama kawaida lakini ukifungua kwenye kompyuta zimekuwa kijivu nusu au hazifunguki kabisa. Duka lenyewe sina haja ya kulitaja. Nilikuja kuelekezwa programu inaitwa H2testw, ya bure, inaijaza kadi yote kisha inasoma tena ilichoandika ndo inakwambia ukweli. Wa Linux na Mac watumie F3. Kadi mpya mimi siendi nayo kazini bila kuipima, inachukua muda mrefu ila unaiacha usiku inajifanya yenyewe

---

fundi_kadi

Hiyo ningesema iwe sheria kwa kila anayepokea hela ya mtu kupiga picha. Ila ipimwe ikiwa tupu, maana H2testw inajaza kadi.

---

mdau_koln

Habari za huko nyumbani. Mimi niko Ujerumani, laptopu mpya kabisa Windows 11, Nikon nikichomeka kwa waya mzuri uliokuja nayo haionekani na simu ya Android pia haionekani. Flashi inasoma. Nimezunguka kila kona

---

fundi_kadi

Angalia kwenye taarifa za mfumo Windows yako imeandikwa Home tu au Home N. Ulaya wanauza Windows za N, zimetolewa vitu vyote vya midia, na MTP ambayo kamera na simu zinatumia kuongea na kompyuta inaondoka pamoja navyo. Flashi inasoma kwa sababu yenyewe haitumii MTP. Nenda kwenye vipengele vya hiari kwenye setingi, ongeza Media Feature Pack, ni bure, ristati.

---

mdau_koln

Ni N kweli. Nimeweka, nimeristati, vyote viwili vinaonekana. Dukani waliniambia nibadilishe kamera!

---

mnasanuru_moro

Wakuu mrejesho. Ile picha moja imekubali kutoka baada ya kupangusa kadi na kuhamia tundu la nyuma, wala sikufika kwenye waya. Ila nimejaribu na waya pia kwa kutaka kujua, nimeazima wa data kwa jamaa wa hadi diski, nimezima waifai, kamera imetoa mlio na kutokea kwenye kompyuta mara moja. Wa spika nimeufunga karatasi nyekundu. Familia nimeshawatumia za bango wamefurahi sana. Swali la mwisho fundi, sasa nifomati kadi kwa ajili ya harusi? Na nifomati kwenye kompyuta au kamera?

---

fundi_kadi

Hongera mkuu, nimefurahi sana. Usifomati bado. Chagua DCIM lote kwenye kadi, raiti kliki uone idadi ya faili na ukubwa kwa baiti, fanya hivyo kwa lile la kwenye kompyuta, viwe sawa sawa. Fungua picha za mwanzo, katikati na mwisho kwa kila folda, na RAW (zile faili ghafi za kamera) nazo uzifungue usiangalie JPEG tu. Halafu weka nakala ya pili kwenye hadi diski ya nje, hiyo kompyuta ya ofisi ni mzee, diski yake ikilala leo una nini mkononi?

Ukishakuwa na nakala mbili ndo fomati, ndani ya kamera. Kamera inaweka exFAT na mafolda yake inavyotaka yenyewe. Na kwa harusi ungepata kadi mbili za 32 ungekuwa umekaa vizuri zaidi kuliko hiyo moja ya 64, unabadilisha wakati maharusi wanatoka kanisani kwenda ukumbini, ya kwanza unaifunga kufuli na kuiweka mfuko wa ndani. Nazo zipime na H2testw kabla ya siku yenyewe.

---

mnasanuru_moro

Nimeelewa fundi. Nakopi nakala ya pili sasa hivi, kadi za 32 nafuata kesho asubuhi. Mods naomba muongeze IMETATULIWA kwenye kichwa cha uzi